Chumvi ya Uvunguni

Watu wengi hujifunza kutambaa mara moja tu maishani. Mimi nilijifunza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na miaka minane, mwembamba kuliko wenzangu wote, na mwalimu wangu alikuwa baba. Alikuwa seremala wa reli hapa Kindu. Tuliishi, na mama anaishi hadi leo, katika moja ya zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli: kuta za matofali, paa la mabati, na sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi, kiasi cha goti la mtu mzima kutoka ardhini. Chini ya sakafu kuna uvungu. Unaingilia kijimlango cha nyuma, upande wa jiko, na ukishaingia huwezi hata kuketi.

Kila mvua zilipokaribia, baba alinituma humo na kisu. Kazi yangu ilikuwa kugonga mbao kwa mpini, moja baada ya nyingine, naye yuko juu, amelaza sikio sakafuni. Mbao kavu hulia. Iliyoshika maji hunyamaza. Nilimwaga majivu palipokuwa na mchwa, nikafagia matundu ya hewa yaliyozunguka msingi ili majani yasiyazibe. Nikitoka, vumbi hadi puani, aliniambia yale yale.

"Hii nyumba inapumuaka huku chini. Ukiziba matundu, inaoza pole pole, na wewe uko juu unalala tu."

Naeleza haya ili ijulikane kwamba alijua. Hapakuwa na aliyejua kuliko yeye.

Vita vilipofika mjini nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Treni zilikoma, mashua zikaadimika, na kilichokosekana kuliko vyote kilikuwa chumvi. Watu waliifuata mbali kwa baiskeli, wakisukuma siku nyingi msituni. Sisi tulikuwa na ndoo mbili za plastiki zilizojaa, ndoo za rangi ambazo baba alizitoa kazini, zenye vifuniko vya kubana. Jirani yetu, mjane aliyefanya biashara ndogo sokoni, alikuwa na gunia zima. Yeye na mama walikuwa chanda na pete. Alimwita mama yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa mama alimzidi umri, nasi tukamwita mama mdogo. Nyumba yake ilikuwa ya sakafu ya saruji, haina pa kuficha hata kijiko. Kwa hiyo gunia lake likaja kwetu, likaingia uvunguni pamoja na ndoo zetu, kwenye pembe iliyo chini ya chumba cha wazazi wangu.

Tatizo lilikuwa matundu. Mtu akiinama na tochi anaona kila kitu. Baba aliizunguka nyumba siku nzima akiyatazama. Kisha akayaziba yote kwa matofali na udongo wa kichuguu, akapaka masizi ili pasionekane pabichi, na kijimlango akakifunika kwa kuni. Alifanya kazi ile amekunja uso kama mtu anayechinja mbuzi aliyemlea kwa mkono.

Wenye bunduki walikuja mara mbili. Wakapekua, wakachukua redio na viatu vya baba. Hawakuinama.

Msimu mzima wa mvua ulipita. Mambo yalipotulia kidogo baba aliondoa kuni, na mama mdogo akaja na beseni kuchukua chake. Ndoo zetu zilitoka kama zilivyoingia. Gunia lilitoka limelowa na kunywea, na ndani yake hamkuwa na kitu isipokuwa tope la kijivu lisilojaa kiganja.

"Imeyeyuka," baba alisema. "Niliziba hewa, maji ikaikamata. Iko mu udongo."

Mama mdogo aliangalia gunia, akaangalia ndoo.

"Ya kwenu iko. Ya kwangu tu njo iliyeyuka? Chumvi inachaguaka mwenyewe?"

Jioni ile baba alimbebea ndoo moja kati ya mbili hadi mlangoni kwake. Aliikataa. Alisema hapokei sadaka inayotoka kwenye mali yake mwenyewe. Baba alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja. Akarudi na ndoo, akazibua matundu, na habari hiyo hakuizungumza tena. Mama aliisukuma ndoo ile chini ya kitanda na kutukataza kuigusa. Ile nyingine ilipokwisha, tulikula sombe, majani yetu ya muhogo, isiyo na chumvi miezi na miezi, na chumvi iko chini ya kitanda. Nilikasirika mpaka nikalia.

"Haiko yetu," mama alisema, basi.

Nikajiuliza: kama si yetu, je, aliyosema mama mdogo ni kweli?

Ndipo siku moja mchana nilipomwona baba akitoka uvunguni kinyumenyume, akilamba kidole. Hakujua kwamba namwona. Nikapata jibu langu: amebakiza chumvi ya watu humo, na anaila peke yake. Sikumwambia mtu. Nililibeba jambo hilo miaka yote hadi siku tuliyomzika. Mama mdogo alikuja kilioni. Alikaa siku tatu kwenye mkeka, nje, na ndani ya nyumba hakuingia.

Mwaka huu mguu wa mama ulizama sakafuni, kando ya kitanda chake. Alikwaruzwa kidogo tu, lakini nilivuka mto kutoka Alunguli, ninakoishi sasa, na hasira zangu zote, nikitafuta wa kumlaumu, na hapakuwa na mtu. Nilipobandua ubao niliona kwamba haukuoza sana. Misumari ndiyo iliyokwisha, imeliwa na kutu hadi imebaki myembamba kama miiba. Nikashangaa, nikatia mmoja mfukoni.

Kisha nikaingia uvunguni. Miaka minane si arobaini, na waliojenga kijimlango kile hawakuyapigia hesabu makalio niliyonayo leo. Mama alikuwa kwenye kigoda karibu, akacheka hadi akakohoa.

"Ingia na upande, mutoto. Upande! Hauko tena kijiti."

Kazi ilichukua wiki kadhaa. Kwanza maji ya paa, ambayo yalikuwa yakianguka kando ya msingi na kurudi ndani: niliyachimbia mfereji hadi bustanini. Matundu niliyasafisha na kuyafunga wavu wa waya kwa ajili ya panya. Nilitoa udongo uliolowa beseni kwa beseni, nikatandaza turubai juu ya ardhi yote, kila kipande kikilalia kingine, kingo nikazipandisha kwenye nguzo na kuzibana kwa mawe, ili unyevu wa ardhini ubaki huko huko ardhini. Baada ya siku kumi nikagonga mbao kwa mpini wa kisu, na mama akalaza sikio sakafuni bila kuambiwa. Zililia zote, isipokuwa za pembe moja.

Pembe ile ilinitia wazimu. Bomba halikuwepo, maji ya bomba mtaani kwetu yalikauka zamani. Mvua haikunyesha wiki ile. Lakini kila asubuhi matofali ya nguzo ya mwisho yalitoka jasho, na mchana yakikauka yaliacha unga mweupe. Niliufuta, ukarudi. Niliyatukana matofali yale kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

"Achana na ile pembe," mama alisema kutoka juu. "Iko vile tangu vita."

Nilikuwa nimelala kifudifudi, unga umenishika usoni, nikajilamba midomo. Chumvi. Nikadhani ni jasho langu. Nikajipangusa kwa kitambaa, kisha nikaweka ulimi moja kwa moja kwenye tofali, mwanamke mzima.

Gunia lote la chumvi ya mama mdogo lilikuwa pale. Liliingia udongoni, likapanda kwenye matofali, na miaka yote hiyo lilikuwa likivuta maji hewani, likiyatema na kuyavuta tena, na kula misumari ya baba mmoja baada ya mwingine. Baba alikuwa ameonja kama nilivyoonja mimi. Alikwenda kuhakikisha kwamba alisema kweli, nami moyoni nikamwita mwizi. Niliona aibu, nikafunika uso kwa mikono ingawa humo hapakuwa na wa kuniona. Nilimwomba msamaha kwa sauti. Mama akauliza nasema na nani.

Nilifunua turubai, nikajaza udongo wa pembe ile kwenye beseni, nikaweka juu yake tofali moja lililolegea, nikaenda kwa jirani vile vile nilivyochafuka. Mama mdogo sasa ni mzee, anaonea jicho moja. Alikuwa mlangoni akichambua mchele. Niliweka beseni miguuni pake.

"Mama mudogo, hii nimeitoa chini ya nyumba yetu, kwenye ile pembe. Onja."

Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Kisha akachovya kidole, akakitia mdomoni. Akachovya tena. Mchele ulimwagika kutoka kwenye ungo na hakuuokota.

"Baba yako alikuja mara moja tu," alisema mwishowe. "Angerudia mara ya pili, ningeenda kuangalia."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa kweli pia kwamba baba asingerudia.

Alinishika mkono tukavuka ua. Mama alikuwa jikoni, sombe iko motoni. Aliona beseni, akaona ni nani amenishika mkono, akavuta kigoda cha pili. Akapakua. Walikula. Kwenye tonge la tatu mama mdogo akaacha kutafuna.

"Yaya," alisema, "sombe yako haina chumvi."

Mama aliinuka. Aliingia chumbani, akapita kando ya shimo la sakafu, na nikasikia kitu kizito kikiburutwa kutoka chini ya kitanda. Ndoo ilikuwa na vumbi la miaka yote ile. Kifuniko kiliishinda mikono yake, kikaishinda yangu. Mama mdogo akaichukua, akaibana kati ya magoti, akakibandua kwa kile kisu changu cha kugongea mbao. Ndani chumvi ilikuwa imegandamana, kavu na nyeupe kabisa. Mama akachukua mchi wa kinu na kuanza kuivunja.