Dawa Iliyofika Kooni

Ilianza Jumatano, saa kumi na robo jioni, nikifua shati la shule. Sikio la kulia, lililokuwa linauma tangu juzi, lilichoma ghafla, likatoa majimaji, kisha maumivu yakapungua. Nikadhani nimepona.

Mama alipoona usaha shingoni akamwita mama mdogo. Yeye huuza vitenge ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na kila akivuka hurudi na dawa, maana sisi wa Tunduma tunaamini dawa za kule ni kali kuliko zetu. Nilitaka kusema twende kituo cha afya, ila mbele ya watu wazima maneno yangu huishia kwenye meno.

Mama mdogo akafungua kidonge cha rangi mbili, kile ambacho mtaani kwetu humwagwa kwenye kila kidonda. Akakoroga unga wake na maji ya bomba kwenye kifuniko cha soda, akanilaza upande.

"Kuongea huongei," akasema akinidondoshea, "sasa na kusikia unataka kuacha?"

Mama akacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, mpaka nilipohisi uchungu wa dawa kooni. Nikawaambia. Mama mdogo akasema vizuri, ndiyo inafika kwenye mzizi.

Sikutulia tena. Nilifagia uwanja ambao ulishafagiliwa. Nikaziba sikio la kushoto, redio ya jirani ikawa kama iko ndani ya ndoo. Darasani tulishasoma kwamba kati ya tundu la sikio na njia ya kwenda kooni pana ngozi nyembamba, ngoma ya sikio, na maji hayapiti hapo. Yangu yalipita. Nikakaa, nikasimama, nikaenda mlangoni kwa mama, nikarudi bila kusema. Niliogopa kuwa kiziwi wa upande mmoja huku nikijua sababu.

Asubuhi mama mdogo akapita kabla ya kuvuka, kidonge kingine mkononi. Nikaziba sikio kwa kiganja.

"Shikamoo mama mdogo. Hapana."

"Hapana nini?"

"Ngoma ya sikio imetoboka, ndiyo maana dawa inashuka kooni. Mkiweka tena mtaniua sikio."

Akamgeukia mama. "Kumbe ana maneno huyu."

Mama alikuwa tayari anajifunga kitenge cha kutokea. Kituoni daktari akauliza tumeweka nini. Mama akaniangalia. Nikajibu mimi, nikataja kila kitu, hata yale maji ya bomba.