Niliipeleka Surua Koboko, Lawama Akabeba Mwingine

Mimi ndiye niliyekosa. Msimtafute shetani hapa, wala umaskini. Ni mimi! Jambo hili nimelibeba mpaka mgongo umechoka, leo nalitua mbele yenu.

Ilikuwa miaka ile ya serikali ya wanajeshi, sabuni na sukari zilipokuwa adimu kama mvua ya Januari. Nilikaa Arua mjini na binti yangu Driciru, wa miaka mitatu. Akina mama wa kanisani tulikuwa na kikundi. Kila mwezi tulikwenda Koboko, kwenye nyumba ya kulelea watoto wa maskini wakati mama zao wako shambani au sokoni. Tulipeleka sabuni na unga wa uji, tukawaogesha watoto, tukaimba nao. Mlezi wao alikuwa Mama Keji, mjane wa askari.

Mwezi ule mke wa ofisa mkubwa wa jeshi alikuwa aje kututazama, na mimi nikachaguliwa kumsomea salamu. Gauni nilishashona!

Asubuhi ya safari Driciru akaamka na homa, anakohoa, macho mekundu. Kwa jirani kulikuwa na surua wiki ileile. Nilijua, jamani. Nilijua! Nikamwosha uso, nikampaka mafuta, nikapanda naye gari.

Mama Keji alimtazama. "Mama Driciru, huyu mutoto iko na homa?"

"Hapana, ni moshi ya jikoni tu."

Akamtandikia mkeka. Binti yangu akalala katikati ya wenzake, mimi nikasoma salamu zangu, nikapigiwa makofi.

Siku ya tatu vipele vikamtoka. Aliumwa sana, akapona.

Wiki mbili baadaye mwenyekiti wa kikundi akaja kwangu amejishika kichwa. Surua imeingia ile nyumba ya Koboko. Watoto wawili wamekufa!

"Wanasema ililetwa na mutoto ya yule mama ya Kongo," akaniambia.

Mama huyo tulimwita Mama Furaha; alikuwa ametoka Kongo karibuni, akifulia watu nguo huku mwanawe Furaha akilelewa pale. Hapo ndipo ningesema. Badala yake mdomo wangu huu ukajibu, "Watu ya Kongo iko hivyo, wanatembea na magonjwa."

Ee Mungu wangu! Nilitamka hivyo!

Tuliporudi Koboko, Mama Furaha alikuwa amesimama nje ya ua, amekatazwa kuingia. Mtoto wake mgongoni, amekonda kwa surua, jicho moja limefanya utando mweupe. Hakuna tena aliyempa nguo za kufua. Akanishika mkono.

"Dada, wewe ulibeba Furaha ile siku. Alikuwa muzima. Alicheka na wewe. Uwaambie!"

Nikautoa mkono wangu. Nikasema nimechelewa, watoto wananingoja.

Juma lile akahama. Wengine walisema amerudi Kongo, wengine walisema Sudan. Hakuaga mtu.

Tangu hapo sikulala vizuri. Kila Driciru alipocheka nilisikia mtoto mwingine. Nikaacha kikundi, nikaacha kuimba. Baada ya mwaka mmoja nikapanda gari peke yangu hadi kwa Mama Keji, nikapiga magoti, nikamwambia yote. Nilitaka anitukane. Anipige hata!

Alikuwa anachambua maharage, wala hakuacha.

"Nilijua," akasema. "Nilijua ile siku. Macho ya mutoto yako niliona."

"Mbona hukunirudisha?"

"Nirudishe mugeni ya Arua, mbele ya bibi ya ofisa? Sabuni iko kwenu. Unga iko kwenu. Nikiwafukuza, watoto watakula nini?" Akatupa punje mbovu. "Na Mama Furaha nikamuachia lawama hivyo hivyo. Mimi pia."

Tukalia sote wawili. Mmoja wa wale wawili waliokufa alikuwa mjukuu wake.

Nimemtafuta Mama Furaha kwa kila mfanyabiashara anayevuka mpaka. Sijampata. Driciru amekua mzima, na mpaka leo sijui nitamwambia nini.

Ndugu zangu mnaokwenda kusaidia maskini, nisikieni! Mtoto wako akiumwa, baki nyumbani, hata kama umeshonewa gauni. Usingoje wakukataze. Mtu anayengoja unga kwako hawezi kukuambia toka. Na kama umekosa, sema siku ileile, yule anayesingiziwa akiwa bado amesimama mbele yako. Mimi nilimwona kwa macho yangu, akanishika mkono, nikautoa.