Saa ya Kukamua

Orrin Lathrop hakuwa na hamu ya siasa hata chembe. Tangu apate akili alikuwa mtu wa ng'ombe, huko mashambani Vermont: alfajiri kukamua, jioni kukamua, Krismasi kukamua. Kisha kiwanda cha ngozi kikamwaga uchafu wake mtoni. Mitamba wake wawili wakanywa, wakafa wamevimba, na wakubwa wakamwambia sheria haikatazi. Haikatazi! Basi akagombea. Majirani wakampa kura, akaingia bunge la jimbo na viatu vyenye harufu ya zizi na mswada wa kuuokoa mto.

Huko ndiko alikojua hasira ni nini. Spika, Prescott Wickham, alikuwa na ujanja wa kishenzi. Kila mswada wa wakulima aliuvuta kwa porojo mchana kutwa, mpaka wabunge wafugaji waanze kutazama saa ya ukutani. Mmoja mmoja walichukua kofia na kuondoka kwenda kukamua, maana kiwele hakijui bunge. Wakishatoka, kura inapigwa. Mwaka wa kwanza mswada wa Orrin uliuawa hivyo. Mwaka wa pili vilevile, na habari alizisikia redioni akiwa amechuchumaa chini ya ng'ombe.

Mwaka wa tatu mkewe, Delphine, alianguka kwenye barafu akavunjika mkono. Mkamuaji akabaki Orrin peke yake, majirani nao wana mazizi yao. Wickham alilijua hilo.

"Mheshimiwa Lathrop," akasema akitabasamu siku mswada uliporudi bungeni, "wale bibi zako wa zizini hawajambo? Saa inakwenda hiyo."

Ukumbi ukacheka. Orrin akachukua kofia yake, wote wakadhani anaondoka. Akaiweka kitini, akaikalia.

"Hawajambo, bwana spika. Piga porojo mpaka ulimi ukukauke. Leo sitoki."

Mfugaji mmoja aliyekwisha kufika mlangoni akarudi kuketi. Wengine hawakuinuka tena. Mswada ukapita kwa tofauti ya kura tatu.

Alipokaribia nyumbani alisikia ng'ombe wakilia tangu barabarani. Delphine alikuwa zizini, bendeji imelowa maziwa, amejaribu kwa mkono mmoja akashindwa. Clover, ng'ombe waliyemlea kwa chupa, alisimama ametanua miguu, kiwele kimekaza na kinawaka moto.

"Umepita?" Delphine akauliza.

"Umepita."

"Haya, waambie wao." Akamsukumia ndoo.

Orrin akaketi na suti yake, akakamua huku akimlaani Wickham kwa majina yake yote. Clover akampiga teke gotini. Hakumlaumu.