Mbegu ya Mama Virginie

Mtengeneza tovuti wa hapa Masisi tunatumia naye sola moja, mimi nikichaji simu za watu. Hataji bei kabla ya kutoa maharagi yake kwenye kopo la maziwa. Mteja akieleza anachotaka, yeye kwa kila kazi anaweka mbegu moja mezani kwa kidole kimoja, taratibu: hii ya picha, hii ya ramani, hii ya maandishi ya Kifaransa. Sauti yake haipandi hata mtu akimfokea. Akishataja bei anakwaruza ukucha wa dole gumba. Hapunguzi ng'o.

Juzi alikuja Mama Virginie, anayeuza jibini ya Nyamitaba kupitia kwa komisioneri, dalali wa Goma, ambaye ndiye humpangia bei. "Kaka, unaniua! Punguza kidogo."

"Mama, toa mbegu moya, bei itashuka."

Akatoa ya ramani. Akatoa ya Kifaransa. Akashika ile ya wanunuzi kumwandikia yeye mwenyewe, akairudisha haraka kama imemuunguza. "Hii hapana. Hii njo ilinileta huku." Ikabaki hiyo na ya picha ya ng'ombe, na bei akaiweza. Lakini ile ya Kifaransa aliifunga kwenye pindo la kitenge, pale anapofunga pesa. "Hii nitarudi nayo."

Jana nikaona kwenye kompyuta ya mtengeneza tovuti, kando ya ng'ombe, nafasi tupu. Nikamuuliza ni ya nini, maana namjua, hafanyi kazi ya bure.

"Mbegu iko kwa Mama," akasema, akikwaruza ukucha. "Atairudisha."