Chumba cha Minza Kilijengwa Bila Mlango

Mimi nikifuta kitu, kimefutika. Uliza Soweto yote hapa Mbeya. Excel naichezea ninavyotaka, na sijawahi kufuta jina likarudi.

Basi kuna jina nililifuta mara tatu. Mara tatu likarudi.

Na mwenye jina niliambiwa ni marehemu.

Kaa vizuri.

Kazi yangu iko hivi. Siku hizi nyumba inajengwa kwanza kwenye kompyuta, nzima nzima, na kuta zake na milango yake. Humo ndani mna jedwali, kila chumba na mstari wake: jina, ukubwa, matumizi. Unalitoa lile jedwali unalipeleka Excel, unarekebisha, unalirudisha kwenye mchoro. Nyumba inatii. Ukiandika jiko, panakuwa jiko.

Bosi wangu, dada Yudith, msanifu, anakaa Iringa. Mimi niko Mbeya, chumba cha juu ya duka la saruji. Mchoro uko mtandaoni, kila mmoja anaufungua kwake.

Tulikuwa na nyumba ya Mzee Nkuba, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake zamani. Mwanawe Ngolo anachimba dhahabu Chunya, ndiye msimamizi wa ujenzi.

Siku hiyo Ngolo akanipigia.

"Dogo, chumba namba tisa mmeandika Minza. Kifanye stoo ya mpunga."

"Minza ndiyo nani, bosi?"

"Dada yangu. Tulishamzika. Mzee anaota ota tu. Na ule mlango wa ndani utoe, wa nje nitatoboa mwenyewe. Yudith usimsumbue."

"Sasa bosi, dada Yudith si lazima..."

"Najenga gesti Makongolosi, dogo. Unataka kazi au unataka maswali?"

Nikataka kazi.

Nikatoa jedwali, nikaandika Stoo, nikarudisha. Mlango nikaufuta kwenye mchoro wenyewe. Chai yangu haijapoa.

Kesho yake asubuhi, ukungu umejaa dirishani kama kuna mtu anachungulia, nikafungua faili.

Namba tisa: Minza.

Nikacheka. Nikajua nimesahau kusevu. Nikaandika Stoo tena.

Asubuhi iliyofuata: Minza.

Hapo sikucheka. Nikabadilisha neno la siri la kompyuta, kana kwamba marehemu anaomba ruhusa ya kuingia. Ningemuuliza dada Yudith, lakini kumuuliza ni kujitaja. Halafu alishaaga kwamba yuko saiti Mgololo na mtandao kule ni wa kubahatisha.

Nikaandika Stoo mara ya tatu. Nikazima mashine, nikachomoa na waya ukutani.

Asubuhi: Minza.

Na safari hii kwenye safu ya maelezo, ambayo siku zote ilikuwa tupu, kulikuwa na neno moja.

ASIHAMISHWE.

Nilishuka dukani nikakaa juu ya mifuko ya saruji, penye watu. Muuza duka akaniuliza kama nina malaria. Nikasema ndiyo.

Lile faili sikuligusa tena. Ngolo nikamwambia tayari. Michoro ikaprintiwa Iringa, ikaenda saiti, mvua zikaisha, maisha yakaendelea.

Mpaka dada Yudith alipopiga.

"Uko wapi wewe?"

"Ofisini, dada."

"Panda gari sasa hivi, teremka Usangu kwa Mzee Nkuba. Wamefika kwenye linta, usawa wa juu ya milango. Kuna chumba hakina mlango."

Sikuuliza kipi.

Mbeya nilitoka na jaketi, Usangu jua likanivua. Nikawakuta mafundi wamekaa mbali na nyumba, miiko imelala. Mmoja akaniambia bila kunitazama, "Sisi tumejenga kama mlivyochora. Ila chumba cha kuingiza mtu kwa juu, sisi tunakijua kimoja tu. Na huwa kinafukiwa."

Nikaenda kukiona. Kuta nne za tofali za kuchoma, vitundu vya hewa juu, basi. Ukikizunguka unarudi ulipoanzia.

Mzee Nkuba akaja na fimbo yake. Nikampa shikamoo, akaitikia, halafu akaugeukia ukuta.

"Minza. Mtu wa ofisi amefika."

Na ndani ya ukuta, sauti ya mwanamke ikaitika.

"Abee, baba."

Ndugu zangu, miguu iliondoka. Mimi ndiye niliyebaki.

"Mzee," nikasema, "si... alizikwa?"

"Nani kakwambia amezikwa? Ameachika. Ng'ombe wa mahari nimewarudisha wote, nimemleta mwanangu nyumbani na watoto wake. Ngolo ndiye anasema binti aliyerudi amekufa." Akachora mstari vumbini kwa fimbo. "Nilimwambia Yudith kwa mdomo wangu, huyu asihamishwe."

Nikaelewa yote kwa mkupuo. Yudith alikuwa na jedwali lake. Kila jioni akikuta Stoo, anajua nimechanganya mistari, anarudisha lake. Jina likarudi. Mlango haukurudi, kwa sababu Excel inabadilisha kilichopo. Kilichofutwa haikiumbi.

"Leo jioni ukoo unakaa," Mzee akasema. "Ngolo amewaambia, hata nyumba yenyewe imemkataa. Wakiona ni ishara, Minza anaondoka. Wewe ndiye mwenye michoro. Niambie, ni mtu amefanya hivi, au ni nini?"

Nikaiona gesti ya Makongolosi. Nikauona na uso wa dada Yudith.

"Ni kompyuta, Mzee. Hizi programu zina hitilafu, zinameza milango. Hakuna mtu."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna."

Mzee akainamisha kichwa. "Basi ni ishara."

Ngazi ikalia upande wa pili. Kichwa kikapanda juu ya ukuta: mwanamke wa makamo, vumbi kwenye nyusi, kipande cha mkaa mkononi. Alikuwa ndani akichora mahali anapoutaka mlango wake.

"Baba, mwambie aseme tena," Minza akasema. "Sauti hii naijua. Siku Ngolo anapiga simu aliweka spika, na mimi namtengea chakula, nikadhani ni mzaha wao. Alipoambiwa mlango utoke, huyu alicheka. Akasema, 'Natoa bosi, marehemu mlango wa nini, si anapita ukutani?'"

Hilo sikuwaambia, wasomaji wangu. Nilikuwa natafuta pa kuliweka.

Funzo ni fupi: ukiambiwa fulani ni marehemu, uliza kwanza kaburi liko wapi, ndipo uguse mlango wake.

Mafundi walikuwa wameshasimama. Mzee Nkuba alivuta kigoda, akakiweka katikati ya njia ya kutokea.

"Kaa," akaniambia. "Ukoo ukifika, utacheka tena hivyo hivyo. Wakusikie."