Siku Tuliyokwenda Kuzika na Difenda

Nakumbuka siku tuliyokwenda kuzika Tandika, mwanangu, na mpaka leo nikiisimulia mwili unanisisimka. Nilikuwa konstebo kijana. Sisi askari tuliozaliwa Temeke tulikuwa na umoja wetu, kama huu mliouanzisha nyie sasa, ili raia watuone kuwa ni watoto wao. Tukaazimia kuhudhuria misiba. Wa kwanza ukawa wa Mzee Salumu, fundi baiskeli, aliyeacha mtoto mmoja tu, Hamisi.

Tukaona tumpe marehemu heshima kamili: sare zikapigwa pasi, buti zikang'arishwa, tukapanda difenda, gari la doria la kituo. Sasa sikia. Wiki hiyo hiyo, difenda ile ile ilikuwa imezoa vijana wa mtaa ule, Hamisi akiwemo, eti wazururaji, wakalala mahabusu ndipo wakaachiwa. Wamezurura wapi, nao walikuwa wamekaa kibarazani kwao? Waliowakamata ni wenzetu wa zamu nyingine. Sisi tulijua, tukanyamaza.

Tulipokata kona, jeneza ndiyo kwanza linatoka nyumbani, Hamisi kalibeba mbele. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wallahi sijapata kuona! Vijana walilitua jeneza mchangani wakatoka mbio, wengine wakaruka ukuta, na Hamisi naye. Mtoto anamkimbia baba yake, tena maiti! Nilishika kichwa.

Akabaki mlangoni Bi Mwanaidi, dada wa marehemu, mama aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Nami sikuwahi kunyimwa marahaba maishani mwangu.

"Nyie mmekuja kuzika au kukamata?" akauliza.

"Kuzika, mama."

"Basi bebeni. Wabebaji mshawafukuza, na maiti hangoji."

Tukabeba. Desturi yetu unaijua, jeneza watu hupokezana njia nzima, kila mtu anataka thawabu. Siku ile hakuna aliyetupokea. Wazee wachache walitufuata kwa mbali, nasi mabega yakituwaka moto.

Makaburini shekhe akauliza, "Mtoto wa marehemu yuko wapi, ashuke ampokee baba yake?"

Hamisi hakutokea. Nikashuka mimi, na sare yangu.

Mwanangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Umoja wenu usiwe wa kwenda kutafuta kupendwa kwenye misiba ya watu. Mkisikia mwenzenu kazoa mtoto wa mtu bila kosa, semeni hapo hapo kituoni, hata mkichukiwa. Mkishasema, ndipo mwende mtaani, kwa miguu, na kanzu zenu. Difenda iacheni.

Mungu akupe ulimi usiomwogopa mkubwa wala kumdharau mnyonge. Na siku yako ikifika, baada ya umri mrefu, akushushe kaburini mwanao mwenyewe.