Ninyamazishe Ukipiga Jiwe

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua za mwanzo, mwanangu, pale Tunduma, kwenye karakana ya mjomba wangu Yona. Usikunje uso. Najua una kazi, lakini kaa kwanza, na hiyo redio izime.

Nilikuwa msichana, nimeshushwa kutoka milimani Ileje kumsaidia mjomba kupokea wateja. Mvua ikishanyesha mara moja tu, wakulima walifurika na mashoka na majembe ya plau, wengine kutoka Msangano huko, na kila mtu anataka chake kinolewe leo hii. Jiwe la kunolea lilizunguka kutwa kwenye mashine, na likilika mpaka basi, mjomba alifunga jipya. Hapo alikuwa na desturi yake ambayo watu wa mjini waliicheka. Alitia kidole kwenye tundu la jiwe, likaning'inia, kisha akaligonga taratibu kwa mpini wa bisibisi, ule wa mti. Jiwe zima hulia, ngiii, sauti safi. Lenye ufa hutoa sauti kavu kama kigae, inafia hapo hapo. Ufa wenyewe mara nyingi huuoni kwa macho. Kwa hiyo mjomba alipoinua jiwe, karakana nzima ilinyamaza: nyundo chini, redio kimya, na mteja awe nani, anafunga mdomo. "Nyamazeni, nasikiliza," alisema, na siku moja alimwambia hivyo hata mchungaji wetu.

Festo, baba yako, alikuwa fundi wake. Alikuwa amekwisha kutuma barua ya posa kwetu, na asubuhi hiyo baba yangu na baba mkubwa walishuka kutoka Ileje kumtazama kijana gani huyu anayetaka binti yao. Mjomba alikuwa amevuka mpaka kwenda Nakonde kutafuta vyuma, Festo ameachiwa karakana. Alivyohangaika, masikini! Aliwaamkia, akasahau, akawaamkia tena. Miwani ya kazi aliipandisha kwenye paji la uso, maana kuongea na wakwe umefunika macho aliona si adabu.

Basi, jiwe likaisha. Akachukua jipya, akalining'iniza kidoleni. Baba mkubwa alikuwa katikati ya habari za ng'ombe wake aliyepotea, na baba yangu anacheka kwa nguvu. Nilimwona Festo anafungua mdomo, akaufunga. Kijana atawaambiaje wakwe zake wanyamaze, tena siku ya kwanza kuonana? Akaligonga hivyo hivyo, kelele zimejaa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia, akalifunga, akawasha mashine. Hata kusimama pembeni mpaka lizunguke kwanza, kama mjomba alivyomfundisha, hakusimama, kwa kuwa pale pembeni angewapa wazee mgongo.

Lilipasuka. Sitakueleza zaidi ya hapo. Nilimpakata kichwa, damu imejaa kwenye kanga yangu, naye anarudia tu, "Wazee hawajaumia? Wazee hawajaumia?" Jicho la kushoto hospitali walishindwa kuliokoa. Ndiyo maana baba yako hugeuza shingo yote akitaka kukutazama, na ukimuuliza anakwambia ilikuwa ajali tu. Hataki wazee wangu wasemwe vibaya.

Mjomba aliporudi aliokota vipande, akavigeuza geuza. Ufa ulikuwa wa zamani, umeingia vumbi. Nilidhani atawapa wazee pole. Wapi! Aliwasimamia pale pale: "Kijana amewaheshimu mpaka amejitia kilema. Hivi nani kati yenu angekufa kwa kuambiwa anyamaze kidogo?" Baba mkubwa aliinamisha kichwa. Halafu mjomba akaenda hospitali kwa Festo, aliyekuwa na bandeji usoni, na huko nako hakumwonea huruma. "Ungewanyamazisha, halafu ungewaomba radhi baadaye. Wangekusamehe. Sasa jicho utaliomba radhi ya nini?" Alisema hayo huku machozi yanamtoka, mwanangu. Kabla ya siku hiyo sikuwahi kumwona mjomba akilia.

Nyumbani wapo waliosema posa irudishwe, binti asiende kwa mwenye kilema. Nikasema nitaolewa naye huyo huyo. Na wa kwanza kuniunga mkono alikuwa baba mkubwa.

Sasa tuje kwa jana. Nilikukuta hapa karakanani kwako umeinua jiwe jipya, mimi nikaanza habari zangu, mara mahindi, mara shangazi yako, naongea bila kupumua. Na wewe, "Ndiyo mama, ee mama," huku unagonga, kisha ukalifunga. Ulisikia nini? Sema kweli. Hukusikia kitu. Uliogopa kumkatisha mama yako. Usiku kucha sikupata usingizi, nakuona wewe, namwona baba yako.

Nisikie vizuri. Jiwe usilifunge kabla hujalisikia likilia, hata kama ni jipya kutoka dukani, kwa sababu hujui lilianguka wapi njiani. Ukishaliwasha, simama pembeni, liache lizunguke kwanza, ndipo uliguse. Na miwani hiyo ikae machoni, hata akija askofu. Utamwamkia nayo hiyo hiyo. Lakini kubwa kuliko yote ni hili: mtu yeyote akiongea wakati unasikiliza jiwe, mnyamazishe. Mteja, mkwe, mzee wa ukoo. Na mimi. Niambie, "Mama, nyamaza." Hujanivunjia heshima. Adabu ninayoitaka kwako ni kurudi nyumbani mzima.

Mungu ayatunze macho yako yote mawili, mwanangu, mpaka uwaone nayo wajukuu zako. Mikono yako ipate kazi, na kazi isikudhuru mwili.

Haya. Lile jiwe la jana lifungue, uligonge tena mbele yangu. Inua. Mama yako amenyamaza.